Pikapu Iliyosimama Njia ya Bahi

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu gereji moja pale Majengo kubadilishiwa oili, nikamkuta kijana amelala chini ya pikapu ya kizamani, ya zile ambazo siku hizi wenye nafasi wanazinunua na kuzipaka rangi upya ili wazipigie picha. Alikuwa anang'oa mpira mrefu mweusi uliotoka kwenye tangi la mafuta, wa magari yaliyokuja baadaye, ili aweke bomba la shaba lililopinda kama mpini wa mwavuli, pamoja na mfuniko wenye tundu, kama yalivyokuwa magari ya mwanzo. Nikamuuliza kama anajua kazi ya hilo bomba. Akacheka. "La kupumulia tu, mama. Tangi lisipopumua gari halitembei." Ndugu yangu, nilitafuta pa kukaa. Nilikalia tairi bovu, na oili yangu ikabadilishwa mimi mawazo yangu yako njia ya Bahi.

Sikia. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni za kunukia na mitumba, na ofisi zikaanza kupunguza watu. Baba yangu alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali, akapunguzwa. Alichoambulia ni pikapu kuukuu ya mnadani, tangi limeoza kwa kutu. Akatafutiwa tangi jingine kutoka Dar es Salaam, la gari la miaka ya mbele, lenye mpira mrefu uliopita chini ya bodi na mfuniko uliobana kama kifuniko cha chupa ya chai. Baba aliusifu mfuniko ule. Alisema vumbi la Dodoma sasa limekoma.

Tulikaa Chang'ombe, mimi, baba, mama, na bibi mzaa baba. Bibi ndiye aliyekuwa harufu ya nyumba ile: samli, moshi, na mlenda uliokauka ukutani kwenye ungo. Alisonga ugali wa uwele mgumu mpaka mwiko unalia, na hakuna aliyethubutu kuacha tonge. Lakini alikuwa na swali lake moja, na swali lile lilitutia baridi sote. Kila baba aliponawa mikono aje kula, bibi alimuuliza kwa upole kabisa, "Na dada yako huko aliko, amekula?" Baba alimega tonge. Alikula haraka haraka na kutoka nje.

Huyo dada yake ndiye shangazi yangu. Kwetu Ugogo ng'ombe wa mahari hawakai, wanapita. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya shangazi ndio baba aliomwolea mama yangu. Sasa shangazi alipochoka kupigwa na mumewe akarudi nyumbani na furushi kichwani, baba alimzuia mlangoni. Ukoo wa mume ungedai ng'ombe wao, na ng'ombe wenyewe, kama watu walivyotania, walikuwa jikoni wanapika. "Rudi kwa mumeo," alimwambia. Shangazi hakurudi kwa mume, wala hakuomba tena. Alikwenda Kibaigwa kuwapikia wapakia mahindi sokoni, na baba akatangaza kwamba hana dada.

Bibi alikufa wakati wa kiangazi, upepo ukivuma mchana kutwa na kutujaza mchanga hadi kwenye sufuria. Ilibidi akazikwe kijijini kwao, huko mbele ya Bahi. Kwa safari hiyo baba alijaza tangi mpaka shingoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mjini, maana mizunguko ya mjini alitia mafuta ya kidumu tu. Tulifunga matawi mabichi mbele ya gari, jeneza likawekwa nyuma, na sisi tukakaa kandokando yake. Mimi nilikaa upande wa miguu ya bibi. Wanawake waliimba nyimbo za kanisani, sauti zikapotelea kwenye upepo.

Hatukufika mbali. Gari lilikohoa, likajikokota, likazima. Baba akapiga stata, wapi! Akafungua boneti, akagongagonga pampu, hakuna kitu. Ndipo babu mdogo, yaani mdogo wake marehemu babu yangu, aliposhuka, akavua kofia na kusimama nyuma ya gari. Unajua mambo haya. Maiti ikikataa safari, huzungumzi na injini, unazungumza na mwenye safari. "Mbukwa, shemeji," alimsalimu kwa Kigogo. "Tunakupeleka kwako. Usituchoshe bure." Alingoja wanawake wamalize ubeti, kisha akamwambia baba apige tena stata. Likawaka. Nilisikia nywele zinanisimama.

Likaenda, likazima tena. Babu mdogo akasema naye tena, likawaka. Likazima tena, na sasa jua lilikuwa utosini na wanawake wameacha kuimba. Babu mdogo akamgeukia baba aliyekuwa amejifanya ana kazi na spana. "Mimi hana neno na mimi. Ana neno na wewe."

Baba aliiweka spana chini. Alikuja akashika mlango wa nyuma wa pikapu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa karibu na jeneza. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona jasho na vumbi vilivyochora mistari shingoni mwake. "Mama," alisema, "twende. Dada atarudi nyumbani. Nitamfuata mwenyewe. Ng'ombe wa watu nitawalipa mimi." Kisha baba yangu, mtu mzima yule, akalia kwa sauti mbele za watu. Tulikaa pale mpaka akamaliza. Babu mdogo akasema, "Haya, piga." Gari likawaka mara moja, na halikuzima tena mpaka kijijini.

Baada ya matanga baba alipanda basi kwenda Kibaigwa, akarudi na shangazi. Loo, nyumba ilifufuka! Shangazi alikuwa na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu na ulimi usiomwogopa mtu. Alinifundisha kutwanga karanga za kuungia mlenda na kujua uwele uliokomaa kwa kuutafuna. Tulilala kitanda kimoja. Ukoo wa mumewe ulikuja kila baada ya mavuno, wazee wenye fimbo wakikaa barazani bila kucheka, na baba akawapa alichojaliwa. Sikukuu nyingi zilipita bila nguo mpya, lakini sikumsikia mama akinung'unika. Kila mtu alijua ahadi ile ilitolewa kwa nani.

Na bibi mwenyewe hakutuacha. Kila tulipojaza tangi kwenda kijijini kwenye majaruba ya mpunga, gari lilizima njiani. Tukirudi, halizimi. Tukaelewa kwamba anataka habari. Basi ikawa ndiyo desturi yetu: gari likizima, baba haguzi boneti. Tunashuka, tunasimama nyuma, kila mtu anampa bibi habari zake. Shangazi alimsimulia nani kaoa na nani kafumaniwa. Mimi nilimwambia matokeo ya mitihani, hata mabaya. Na baba, ambaye nyumbani maneno yake yalikuwa "hewala" na "fungeni mlango", pale barabarani alifunguka. "Mama, naona aibu kukaa nyumbani mchana, wenzangu wako ofisini." "Mama, naogopa hawa wazee hawatanivumilia mwaka huu." Hapo ndipo nilipomjua baba yangu, kwa kumsikiliza akisema na mtu mwingine.

Usidhani nilikuwa jasiri. Niliogopa sana. Nyuma ya pikapu palikuwa na mahali ambapo miguu ya bibi ilikuwa imelala, na sikupakalia hata siku moja. Wakati mwingine upepo ukitulia ghafla, nilihisi kabisa mtu mmoja amezidi katika hesabu yetu, amesimama ananisikiliza. Na bado nilitamani gari lisiwake mapema.

Masika moja gari likaanza kuzima hata mjini. Baba akamwita fundi, mtu mwenye majigambo ambaye hakuna gari alilolitazama bila kulitukana. Alizunguka, akasonya, akashika mfuniko wa tangi na kuufungua. Tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, mpaka kuku wakakimbia. Fundi akacheka akapiga magoti. "Mzee, umelinyonga hili gari!" Akauchomoa ule mpira mrefu, akaugonga kwenye jiwe, ukatoka udongo mkavu. Nyigu walikuwa wamejenga humo, wakaziba taratibu mwaka hadi mwaka. Akaeleza kama mwalimu: mafuta yakitoka hewa haiingii, basi pampu inavuta mpaka inashindwa. Tangi likijaa sana ndiyo mbaya zaidi. Ukisimama kidogo hewa inajipenyeza, gari linawaka. "Hata ukiliimbia taarabu litawaka tu," alisema, akacheka tena.

Hakuna aliyecheka naye. Shangazi alikuwa amesimama na sinia la chai mkononi. Baba alikuwa anautazama ule udongo. Fundi aliziba pale mpira ulipokuwa umechomekwa, akachomelea bomba la shaba lililopinda juu nyuma ya kibanda cha dereva, akatoboa tundu dogo kwenye mfuniko, akatamba kwamba sasa tangi limerudishwa enzi za wazee na litapumua mpaka kiama. Shangazi aliliweka sinia chini, akaingia ndani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Baba na shangazi walipishana uani kama wapangaji. Wazee wenye fimbo walikuwa wanakuja mavuno yakiisha, ng'ombe walikuwa bado hawajatimia, na sasa ile sababu ya kuwalipa ilikuwa udongo wa nyigu. Nilimtazama baba kila alipokula. Niliogopa atasema lile neno la zamani mlangoni. Mwisho alisema shangazi mwenyewe, huku anafunga furushi. "Nipeleke nikaliage kaburi la mama, kisha unishushe stendi ya Kibaigwa. Kumbe sikuletwa na mama. Nililetwa na nyigu." Baba alichukua kidumu akaenda kununua mafuta. Alijaza tangi mpaka shingoni.

Tulikuwa watatu kwenye kiti cha mbele, mimi katikati na furushi miguuni. Gari liliunguruma vizuri ajabu. Tulifika pale lilipozoea kukohoa, halikukohoa. Tukapita mti wa pili, pale lilipozoea kuzima, halikuzima. Shangazi aligeuza uso dirishani na mabega yake yakaanza kutikisika. Sijawahi kuichukia injini kama siku ile. Nilikuwa naomba moyoni, bibi, lizime, lizime japo mara moja, lakini gari lilizidi kwenda.

Mara baba akakanyaga breki. Akazima ufunguo. Alishuka, akazunguka nyuma, akashika mlango wa pikapu kwa mikono miwili kama siku ile ya jeneza. Nasi tukashuka.

"Mama," alisema, "leo gari halijaharibika. Nimelizima mimi. Dada haendi Kibaigwa." Alifuta uso kwa kiganja. Kisha akamwambia shangazi, bila kumtazama, "Haya dada, mpe mama habari. Mimi nimemaliza."

Shangazi alizeeka nyumbani kwa kaka yake, na huko ndiko alikofia. Ng'ombe wa watu walitimia. Siku hizi njia ya Bahi ni lami tupu, magari yanapita kasi usiweze hata kuhesabu miti. Miaka michache iliyopita tulimpitisha baba njia ileile, ndani ya gari la kisasa lenye vioo vyeusi, na mabasi ya waombolezaji nyuma yetu. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, ambayo sikuwahi kumwambia nyumbani, maana nyumbani hatukuwa watu wa maneno. Tulipokaribia pale, nilimwomba dereva asimame kidogo. Alinitazama kwa huruma kwenye kioo. "Haiwezekani, mama. Msafara mzima uko nyuma yetu, na ratiba inasema saa saba tuwe kaburini."

Tulifika kabla ya saa saba. Kila mtu alisifu mipango. Maneno yangu ninayo mpaka leo.