Watoto wa Ugenini Walizikwa Wapi

Siku yangu ya kwanza kazini Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, hakunikaribisha hata kiti. Alinikabidhi madaftari mawili makubwa, moja la vizazi na moja la vifo, akaniongezea rula. Nilikuwa nimevaa shati la kaka yangu lililopigwa pasi mpaka likang'aa, nikidhani karani wa afya hukaa mezani kusubiri heshima. Zahanati ilikuwa kati ya Ipinda na ziwa. Jina lake naliacha, maana kosa nitakalolisimulia ni langu mimi.

"Mtoto anaandikwa alipozaliwa," aliniambia yule mzee, "na kifo kinaandikwa kilipotokea. Ukichanganya hayo, umeharibu hesabu ya wilaya nzima."

Nikaishika kanuni hiyo kama amri ya kumi na moja. Ninyi vijana mna vishikwambi, mashine inajumlisha yenyewe. Sisi tulipiga vijiti vitanovitano kwenye karatasi, tukahesabu, tukarudia. Kila robo mwaka nilichukua vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika kitongoji, nikavigawanya kwa vizazi vyake, nikapata tulichokiita kiwango cha vifo. Kitongoji chenye kiwango kikubwa kilipangiwa kliniki ya mkoba. Maana yake wauguzi walikifuata huko huko, na sanduku la chanjo, mizani ya kupimia watoto na dawa za malaria. Wauguzi walikuwa wawili na pikipiki moja, kwa hiyo kwenda huku ilikuwa ni kuacha kule.

Miaka ile watu wa milima ya Livingstone walikuwa wakishuka kwa wingi kulima mpunga bondeni kwetu. Wenyeji waliwaazima mashamba, na kitongoji chao kikaitwa Ugenini. Kwao ni baridi, mbu hana kazi; huku kwetu mbu ni mwenyeji kuliko sisi. Mtu yeyote wa afya angetarajia watoto wao waumwe sana, kwa kuwa miili yao haikuizoea malaria. Lakini daftari langu lilisema vingine. Vizazi vya Ugenini vilijaza kurasa, na safu ya vifo vya watoto ilikuwa nyeupe.

Badala ya kushtuka, nilifurahi. Kuuliza si ujinga, ila mimi sikuuliza. Nilichora jedwali kwa wino wa rangi mbili, na chini yake nikaandika kwa maneno yangu kwamba watoto wa wahamiaji wana afya kuliko wa wenyeji. Mratibu wa Afya ya Mama na Mtoto alikuja kutoka wilayani, akalisoma kwenye mkutano wa hadhara, akanisifu. Wiki iliyofuata kliniki ya mkoba ya Ugenini ilihamishiwa kitongoji kingine. Nilitembea kifua mbele mwezi mzima.

Miezi michache baadaye nilikwenda Lyulilo, chini ya milima ile, siku ya soko kumnunulia mama chungu. Nilikuwa nagongagonga vyungu kusikia kama vina ufa, nikamwona Mama Faraja wa Ugenini akipita, mtoto mgongoni amefunikwa mpaka kichwani. Nilimfahamu kwa kuwa watoto wake wote niliwaandika mimi. Nikamsalimu, "Ugonile, mama." Akajibu "ndaga" bila kusimama, akashika njia ya kupanda mlimani. Nilimfuata, nikamgusa mtoto. Alikuwa anaungua. Nikamwambia hospitali iko karibu, mbona anaipa mgongo.

"Nampeleka nyumbani," alisema.

"Nyumbani kufanya nini, na homa hii?"

"Akipona, amepona. Akifa, awe kwao. Wenzake watatu wako huko."

Nilibaki na chungu mkononi. Katika daftari langu mama yule alikuwa na vizazi vinne na vifo hakuna. Watu wote walimwita Mama Faraja, na mimi sikuwahi kuuliza Faraja mwenyewe yuko wapi.

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtu aliyefika jana. Shamba alilolima lilikuwa la kuazima, na aliyeazimwa shamba haruhusiwi kuzika humo. Hilo nililijua tangu utoto. Kwetu tunazika nyumbani, kwenye migomba, na ugomvi wa ardhi ukitokea wazee huuliza kwanza nani kalala pale. Kaburi likishakuwepo, ardhi imepata mwenyewe. Kwa hiyo mtoto wa Ugenini akizidiwa, hupandishwa mlimani kabla hajakata roho. Wengine hufia njiani. Huku kwetu hatukuwaandika kwa kuwa hawakufia kwetu, na vijiji vile vya juu havikuwa na karani. Kanuni ya Mganga Mfawidhi niliifuata neno kwa neno, na ndiyo iliyowapoteza.

Nikasema lililonijia. "Turudi hospitali, mama. Likitokea la kutokea, atazikwa kwetu."

Nilikuwa natoa ardhi ya baba yangu bila kumuuliza. Mama Faraja akageuka, tukarudi pamoja.

Mtoto alikufa kesho yake asubuhi. Daktari alisema angepata dawa siku tatu nne nyuma, angepona. Dawa hizo ndizo zilizokuwa kwenye sanduku la kliniki ya mkoba. Nilitoka nje ya wodi nikalia, na sioni haya kusema hivyo.

Gari lililokuwa likipeleka vyungu Ipinda lilitubeba. Mama Faraja alikaa nyuma katikati ya vyungu, mwanawe mapajani, na dereva aliendesha polepole bila kuombwa. Tulimkuta baba anaanika kakao. Nilimweleza yote, na yeye akaendelea kuzigeuza mbegu kwa kiganja mpaka nilipomaliza.

"Akizikwa hapa, huyu mama amekuwa wa hapa," alisema. "Na watoto wake, na wajukuu wake. Umelifikiria hilo?"

Nikasema nimelifikiria, ingawa sikuwa nimelifikiria.

"Basi kalete jembe."

Baada ya matanga nilipita Ugenini nyumba kwa nyumba na swali ambalo nilipaswa kuliuliza tangu mwanzo: umezaa wangapi, na kila mmoja yuko wapi? Akina mama walinijibu wakiangalia pembeni. Niliandika majina mpaka mkono ukafa ganzi. Habari za kaburi la kwetu nazo zilikuwa zimesambaa. Baadhi ya wenyeji walimnunia baba, lakini mwishowe wazee wa kijiji walitenga eneo ambalo watu wa Ugenini wangezika bila kuulizwa. Robo mwaka iliyofuata ile safu nyeupe ilijaa. Mratibu alikuja mwenyewe, jedwali mkononi, akaniuliza kwa ukali kumetokea nini, mbona watoto wenye afya wameanza kufa ghafla.

"Walikuwa wanakufa siku zote, mama," nilimjibu. "Sasa wanazikwa huku."

Alivua miwani, akaisoma karatasi upya. Kliniki ya mkoba ikarudi Ugenini.

Baadaye nilihamishiwa bandarini Itungi, kisha ofisi ya wilaya, na huko ndiko nilikostaafia. Siku hizi wanafunzi wa chuo huja kunakili vitabu vya zamani vya usharika, vya ubatizo na vya mazishi, vya enzi za mabibi zetu. Mmoja alinionyesha kwa furaha kwamba familia zilizohamia huku zamani zile zilipoteza watoto wachache kuliko wenyeji. Nilijiona mwenyewe na wino wangu wa rangi mbili. Nikamuuliza kama amesoma vitabu vya kule walikotoka. Hakuwa amevisoma, nami nikamwelekeza njia ya mlimani.

Mama Faraja sasa ni bibi. Watoto aliowapata baadaye wamekua, na kila mavuno yeye huleta mchele nyumbani kwetu. Nimeula miaka yote hiyo bila kumwambia kwamba jedwali langu ndilo lililoiondoa kliniki. Mwaka huu, alipotua ndoo yake, nilimwambia.

"Nilijua," alisema. "Lilisomwa mkutanoni, na jina lako likatajwa. Nilikuwepo, nimembeba mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini, basi, alikubali kunifuata siku ile pale Lyulilo.

"Hakukuwa na mwingine wa kumfuata." Akafungua mfuniko, akanisogezea ndoo. "Na mchele huu si wako. Ni wa baba yako, aliyenipa pa kuzika. Wewe unaula tu."

Kisha akachukua ufagio wetu, akaenda migombani kufagia kaburi la mwanawe na la baba yangu, yaliyo jirani.