Sakafu ya Fundi Nahumu

Fundi Nahumu wa Kifanya alidharau kila kitu isipokuwa mbao kavu. Aliwadharau wapasuaji waliouza mbao mbichi, aliwadharau makarani wa boma pale Njombe kwa kukalia viti vibovu mwaka mzima bila kujua, na Makambako aliidharau kwa jumla, kwa kuwa, alivyosema, ni mahali ambapo malori husimama na watu hushuka kuuza wasichokijua. Wajerumani wa misheni ndio waliomfundisha kushika randa. Waingereza walipokuja walimkuta ameshajua, na hakuona sababu ya kuwaogopa.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa sakafu ya kanisa la mtaa wao, aliyoijenga mwaka wa thelathini na nne. Kanisa lilikaa kwenye mteremko, kwa hiyo sakafu ilinyanyuliwa juu ya boriti, na chini yake ukutani akaacha matundu ya hewa, kila moja ukubwa wa tofali. Mbao zilikuwa za podo, alizokausha miaka miwili huku wazee wakimnung'unikia kwamba Mungu anasubiri. Alijibu kwamba Mungu ndiye aliyeumba jua la kukaushia.

Miaka kumi na saba baadaye, Jumapili moja ya masika, Mzee Efraimu, mkubwa wa wazee wa kanisa, alikwenda kufunga dirisha la upande wa mlimani. Mguu wake ukazama sakafuni mpaka gotini. Kwaya iliimba beti mbili nzima naye akiwa amekwama, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumvuta mzee kwa miguu mbele ya madhabahu.

Nahumu alitarajia kuitwa siku ileile. Badala yake wazee walimwita Marcelino wa Makambako, muuza dawa ya mchwa, aliyefika kwa lori na pipa lake na kofia ya kizungu iliyomfunika masikio. Debe tupu haliachi kuvuma. Marcelino alihubiri juu ya mchwa karibu saa nzima bila kupiga goti hata mara moja kutazama chini. Akamwaga dawa nyeusi, akapigilia ubao mpya juu ya shimo, akapanda lori lililofuata. Kabla ya mwezi kwisha ule ubao mpya nao ukaanza kuwa mweusi na kunuka.

Watu wenye haya wangekiri kwamba wamedanganywa. Wazee wale walikaa kikao wakaamua kuwa kosa ni la mbao zenyewe: Nahumu alichanganya mbao changa zamani zile, akaiibia nyumba ya Mungu. Walimtaka atubu mbele ya usharika, na mpaka atakapotubu asikaribie meza ya Bwana. Kumwambia Nahumu kwamba mbao zake ni mbovu ilikuwa sawa na kumwambia kwamba mama yake alikuwa mwizi.

Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya kikao na kofia mkononi, akaomba juma moja la kufungua sakafu.

"Na nikimpata aliyeiua," alisema, "huyo ndiye asimame mbele ya watu. Akae benchi la nyuma, asiguse meza ya Bwana mpaka sakafu ipone. Hata awe nani."

Mzee Efraimu alikubali, na mwandishi wa kikao akayaandika maneno hayo.

Jumatatu asubuhi Nahumu alifika na mkewe, Esteria, aliyebeba kikapu cha vyombo. Alitembea sakafu yote akigonga kwa mpini wa nyundo. Ubao mzima huitika, ubao mgonjwa hunyamaza. Katikati na upande wa bondeni uliitika. Upande wa mlimani, chini ya madirisha, ulinyamaza wote, na kisu chake kilizama humo bila nguvu. Alipong'oa mbao, harufu ya uyoga ikapanda. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimetambaa juu ya mawe kutafuta mbao zaidi, vumbi la rangi ya kutu lilikuwa limetanda, na boriti zilikuwa zimepasuka vipande vya mraba kama udongo wa bondeni wakati wa kiangazi.

Alimwita Mzee Efraimu ashuke ndani ya shimo na suruali yake safi.

"Mchwa hujenga kwa udongo, Mzee. Nionyeshe udongo."

Efraimu alitazama, akasema kweli hauoni. Nahumu alimweleza kwa upole wa matusi, kama mtu anayemweleza mtoto mkaidi, kwamba hii ni kuvu, ambayo haiwezi kula mbao kavu. Huanza pale maji yanapokaa na hewa isipopita. Kwanza aliwalaumu akina mama kwa kuosha sakafu kila Jumamosi kwa ndoo, kana kwamba dhambi hutoka kwa maji mengi. Lakini upande wa bondeni nao uliooshwa vilevile ulikuwa mzima, na yeye, pamoja na ulimi wake wote, hakuwa mtu wa kudanganya mbao. Efraimu akaenda zake kubadilisha suruali.

Nje, upande wa mlimani, akina mama walikuwa wamepandisha tuta la maua mpaka kiunoni mwa ukuta. Nahumu alilifukua kwa jembe. Alipofikia matundu ya hewa alianza kucheka, kwa maana yalikuwa yamezibwa, moja baada ya jingine, yote kumi na moja.

"Nimempata mpumbavu wangu," alimwambia Esteria.

Akachokonoa kizibo cha kwanza. Kilikuwa cha mti, kimepigwa randa vizuri, kingo zimechongwa kwa mshazari ili kibane. Usoni kilikuwa na alama tatu fupi za patasi. Kutoka Kifanya mpaka Njombe kila mtu alijua ni fundi gani anayetia alama tatu kwenye viti vyake.

Nahumu aliacha kucheka.

"Baba Hulda," Esteria alisema polepole, "ni ile Juni ya mama."

Ndipo alipokumbuka. Mwaka ule umande uliganda mashambani mpaka viazi vikaungua. Mama yake, bibi Ema, alikaa siku zote chini ya dirisha la mlimani, akalalamika kuwa upepo wa chini ya sakafu unampanda miguuni. Nahumu alichonga vizibo siku moja, akaziba upande ule wote, akajiambia atavitoa mwezi wa tisa. Mama alifariki mwezi wa nane. Hakurudi tena kutazama pale, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kupaona, na mwaka uliofuata akina mama wakapanda maua.

Uani ulikuwa unawaka moto wa kuteketezea mbao zilizooza. Esteria aliutazama, akamtazama mumewe.

"Moto uko pale," alisema.

Nahumu alichokonoa vizibo vilivyobaki. Kisha akavipanga vyote kumi na moja kikapuni.

Juma lile alikata boriti zote zenye ugonjwa, akizidisha urefu wa mkono mzima kupita mahali ugonjwa ulipoishia. Alikwangua lipu, akapaka kreosoti, dawa ya kuzuia mbao zisioze, akaweka wavu wa waya kwenye matundu ili panya wasiingie. Shimo aliliacha wazi likauke kiangazi chote.

Jumapili alisimama mbele, akavipanga vizibo juu ya benchi, alama tatu zikiwaelekea watu.

"Mbao zilikuwa nzuri," alisema. "Fundi ndiye aliyekuwa mbovu. Sikutaka mama yangu aone baridi, nikaiziba hewa, nikasahau. Nimewaita ninyi wapumbavu juma zima. Baridi ikirudi, njooni na mablanketi, na atakayeyagusa matundu yale nitamkata vidole."

Akaenda kukaa benchi la nyuma, pamoja na mlevi mmoja na msichana aliyepata mimba. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Naye alijua kwamba kila mtu kanisani anaukumbuka msemo huo, na aliona ni haki yao.

Ilipofika siku ya meza ya Bwana, Mzee Efraimu alimfuata nyuma, akamwinamia, akamnong'oneza kwamba wazee wamesamehe, aje mbele na wengine.

Nahumu alikataa kwa kichwa.

"Sakafu haijakauka," alisema.