Simu ya Nyumba Tuliyohama

Nyumba ile ya serikali ilikuwa na simu kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Alikuwa afisa wa mifugo hapa Isiolo katika miaka ya sabini, na ng'ombe hawachagui saa ya kuugua. Simu yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, juu ya kimeza karibu na mlango. Haikuwa na tarakimu za kupiga. Ulizungusha mpini wake wa pembeni, opereta wa kituo cha simu mjini akaitika, ukamwambia unamtaka nani, naye akachomeka waya kwenye tundu la mtu huyo. Aliyetupigia kutoka mbali alipitia hapo hapo. Maopereta walikuwa wawili: mama mmoja Mmeru wa zamu ya asubuhi, na mzee mmoja wa zamu ya mchana.

Barua ya uhamisho ilikuwa imeshafika, tulikuwa twende Garissa. Nilikuwa nafunga vyombo siku mume wangu aliporudi kutoka Merti, alikokwenda kuchanja ng'ombe, akiwa amejikunja tumbo kwenye kiti cha mbele cha Landrova. Hospitali yetu ilikaa naye siku mbili, kisha ikampeleka Nairobi. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya mbili kuharibika. Daktari alinitazama akasema, "Kama unataka huyu mtoto, usipande gari kwa barabara hii."

Kwa hiyo aliyekwenda naye ni kaka yake mkubwa, mfugaji wa Kinna. Shemeji yangu huyo alijua ng'ombe kuliko maafisa wote, lakini hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununua sukari na kuuza mbuzi. Nilimwandikia nambari yetu kwenye kikaratasi. "Mpe mtu yeyote mwenye simu," nilimwambia kwa Kiborana. "Ataomba hii nambari, na mimi nitakuwa upande wa pili."

Alipiga mara mbili. Mara ya kwanza alisema wamempasua. Mara ya pili sauti yake ilikuwa nyepesi kidogo. "Amekunywa uji. Ameuliza habari yako na ya tumbo lako." Akasema atapiga tena Ijumaa baada ya swala, kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa anamwonea huruma.

Jumanne asubuhi afisa mpya akabisha mlangoni. Nyuma yake alisimama mkewe na mtoto mgongoni, na nyuma ya mkewe masanduku mawili ya bati. Walikuwa wametoka magharibi ya nchi, na kwa wiki tatu walikuwa wanaishi chumba kimoja cha gesti wakingojea nyumba yetu. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, pole sana kwa mgonjwa," alisema. "Lakini ofisi imenipa barua. Mimi pia nina watoto." Nilisoma barua, nikaona muhuri, nikaenda kutafuta mkokoteni.

Nilipata chumba mtaa wa Bulla Pesa. Wazazi wangu walituma mtu kutoka Kinna niende nikajifungulie kwao, nikakataa, maana Kinna hakukuwa na simu. Tulipokuwa tunatoa kitanda ndipo nikaitazama ile simu kwenye kimeza chake. Simu ilikuwa inabaki. Nambari iliyokuwa mfukoni mwa shemeji ilikuwa ya nyumba hii, na tangu siku hiyo nyumba hii ilikuwa ya watu wengine.

Nilijaribu kumpata yeye kwanza. Mara tatu nilipiga hospitali ya Nairobi kupitia kituo cha simu cha Nanyuki, kila mara nikisubiri karibu saa nzima kwenye benchi la posta. Mara ya kwanza laini ilikatika. Mara ya pili mtu alisema ngoja, akaweka simu chini, nikasikia viatu vyake vikienda na visirudi. Mara ya tatu waliniambia wodi haina simu.

Jumatano asubuhi nikaingia kwa mkubwa wa posta. Nilimwomba simu zote za nambari ile zielekezwe kwenye duka la mzee mmoja Msomali aliyekuwa akinunua ngozi, karibu na chumba changu kipya. Mzee alikuwa amekubali. Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo linafanyika," alisema. "Lakini mwenye simu aweke sahihi."

"Mwenye simu amelazwa Nairobi."

"Mwenye simu ni ofisi ya mifugo, mama."

Nikaenda ofisi ya mifugo. Karani akaniambia nyumba na simu sasa ni za afisa mpya, nikamwombe yeye. Afisa mpya alikuwa ametoka asubuhi hiyo kwenda soko la ng'ombe la mbali, na hakuna aliyejua atarudi saa ngapi. Nilirudi posta, nikapita uani, nikasimama kwenye mlango wa chumba cha maopereta, mahali ambapo mtu wa nje haruhusiwi. Nililia tu, nimeshika tumbo.

Yule mama Mmeru alivua vyombo vya masikioni. Nilimjua kwa sauti miaka mitatu, sikuwahi kumwona uso. "Ni wewe mke wa daktari wa ng'ombe?" aliniuliza. "Njoo ukae. Usisimame hivyo." Nikamweleza. Akachukua kijiti cha kiberiti, akakivunja, akakisukuma kwenye tundu la nambari yetu ili mtu asichomeke waya hapo kwa mazoea. "Simu ikija hapa, itaenda duka la ngozi," alisema. "Nitamwambia mzee wa mchana. Nenda ulale kidogo."

Alhamisi yote nilikaa dukani juu ya mzigo wa ngozi. Harufu ya chumvi na mafuta ilinipanda kichwani, nikawa natoka kutapika nyuma ya ukuta, lakini narudi mbio. Mzee wa duka aliniwekea maji. Simu ililia mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa mkubwa wa mifugo kutoka mkoani akimtaka afisa mpya, na mzee alimjibu kwa adabu kwamba hapa ni dukani.

Bila shaka afisa mpya alilalamika. Ijumaa asubuhi mama opereta aliniita kwa simu ya duka. "Nimeamrishwa nitoe kile kijiti," alisema kwa sauti ya chini. "Nisikilize lakini. Tumeelewana na mzee wa mchana. Kila anayeomba nambari ile tutamwuliza kwanza anamtaka nani. Akikutaka wewe, tunamleta kwako."

Nilimshukuru. Nilipokata simu ndipo nikaona pengo lililokuwa kwenye mpango huo. Shemeji yangu hakuwahi kumtaka mtu kwenye simu. Yeye alijua kikaratasi tu. Nikazungusha mpini wa simu kumrudia, laini zikawa na kazi, na ilipofika adhuhuri zamu yake ilikuwa imekwisha. Nikamweleza mzee wa mchana: atakuwa mtu wa Kiborana, hatasema jina. "Nimesikia, mama," akasema. "Nimesikia."

Swala ikaisha. Watu wakatoka msikitini, wakapita mbele ya duka, wakanisalimia, wakaenda kula. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Niliinua mkono wa simu mara nyingi kusikiliza kama bado ni mzima, mpaka mzee wa duka akaniambia taratibu, "Binti yangu, ukiushika hivyo hawezi kuingia."

Saa kumi alikuja mke wa afisa mpya. Alikuwa amezunguka Bulla Pesa yote akiulizia mama mwenye mimba aliyehama juzi. Kitambaa kilikuwa kimemtoka kichwani na mtoto alikuwa analia mgongoni.

"Simu yako ilikuja kwetu," alisema. "Saa nane. Ni mwanamume. Anaongea Kiborana na mimi sijui hata neno. Nikamwambia sema Kiswahili, hasikii. Analia, mama. Au anapiga kelele, sijui, simu ilikuwa na upepo. Nikamwambia tu sawa, sawa, nitamwita. Ikakatika."

"Alisema nini? Neno lolote."

Akafumba macho. "Due," alisema. "Due. Kisha kama dufe. Due, dufe. Sijui kama ni moja ama ni mbili."

Kwa lugha yetu due ni amekufa, na dufe ni amekuja. Nilimfanya alirudie pale dukani mpaka mzee akanikataza. Kila aliporudia lilikuwa lingine. Nilimshika mabega huyo mwanamke ambaye hakunikosea kitu nikamtikisa, na yeye aliniacha nimtikise.

Tulikwenda wote wawili kituo cha simu. Mzee wa mchana alisimama aliponiona. "Aliyeomba laini alisema Kiswahili. Nilimwuliza anamtaka nani," alisema. "Akataja nambari. Nikamwuliza tena, akataja nambari. Nanyuki wananisukuma niachie laini. Nikaogopa itakatika kabisa, nikamwunganisha pale." Aliniombea hospitali ya Nairobi yeye mwenyewe, akang'ang'ana na Nanyuki kwa sauti ambayo sikujua anayo, na karibu na kufunga akanipa chombo sikioni.

Nilitaja jina la mume wangu na wodi. Karani wa huko alifungua karatasi zake.

"Huyo ametolewa asubuhi," alisema.

"Ametolewa kwenda wapi?"

Laini ikafa.

Nilichagua kuamini. Mtu hutolewa hospitali akipona, nilijiambia, na dufe ni amekuja, kwa hiyo wako njiani. Jumamosi niliosha sakafu ya kile chumba nikiwa nimepiga magoti. Niliazima godoro la pili. Nilichemsha maziwa, yakapoa, nikachemsha tena. Kila gari la Nairobi lilipofika steji nilikuwa hapo, na makanga wakaanza kunijua, wakawa wananitikisia kichwa kabla sijauliza. Ndani yangu kulikuwa na sauti iliyokuwa inasema lile neno lingine, nami nikawa natembea haraka ili nisiisikie.

Shemeji alishuka Jumapili kabla ya adhuhuri. Alishuka peke yake, na mkoba wa mume wangu kwapani. Niliangalia mlango wa gari mpaka ulipofungwa.

"Mbona hukuja na yeye?" nilimwuliza.

Alinitazama kama mtu aliyepigwa. "Wewe ndiye ulisema."

"Nilisema nini?"

"Alikufa alfajiri ya Ijumaa. Nikapiga, simu ikawa inavuma. Nikakwambia amekufa, ukawa unalia, na mtoto analia hapo karibu. Nikakuuliza, tuje naye nyumbani ama nimzike hapa na watu wa msikiti? Ukasema sawa. Ukasema mara mbili, sawa, sawa. Nikamzika kabla ya jioni."

Nyumbani kwangu hakukuwa na mtoto wa kulia. Yeye alielewa mwenyewe pale pale steji, alipoona mkono wangu juu ya tumbo ambalo lilikuwa bado halijazaa. Akaweka mkoba chini, akajifunika uso kwa shuka lake.

Nilikaa eda kwenye kile chumba cha Bulla Pesa. Mama opereta alikuja na sukari na majani ya chai, akaketi mkekani siku nzima, akakosa kwenda kazini. Mzee mwenzake hakuja, lakini alituma pole. Mke wa afisa alikuja pia, akakaa karibu na mlango. Nilijua ni haki nimwambie kwamba si kosa lake. Nilichelewa kumwambia karibu miaka miwili, na wakati huo walikuwa wanafunga masanduku, wamehamishwa.

Mtoto alizaliwa wiki tatu baada ya shemeji kurudi, msichana, mzima. Alipoacha kunyonya nikapanda gari kwenda Nairobi pamoja na baba yake mkubwa. Aliniongoza katikati ya makaburi ya Waislamu, akihesabu kutoka ukutani, akasimama, akarudi, akahesabu tena. Wakati wa mazishi kulikuwa na udongo mpya wa watu kadhaa, na sasa majani yalikuwa yameota yote sawa. Mwisho akaonyesha makaburi mawili yaliyokaribiana.

"Ni moja ya haya," alisema. "Nisamehe. Ni moja ya haya."

Tulisimama katikati yake, tukainua mikono, tukaomba dua.