Mama yangu amemchukua kuwa mwanawe mtu aliyemvunja mkono

Admin, tafadhali usiweke jina langu wala la kanisa letu, Bariadi ni ndogo na tunajuana.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, fundi cherehani, nashona sare za shule hapa mjini. Naishi na wanangu wawili na mama yangu mzazi, ambaye sasa macho yake yana ukungu, anaona kivuli tu cha mtu.

Hatukuzaliwa mjini. Tulikuwa na boma letu kijijini, upande wa Maswa, tukilima pamba na mahindi. Baba alikuwa ameshafariki. Nikiwa darasa la sita, mtoto mchanga wa jirani alishikwa na homa akafa. Wakaenda kwa mganga, wakarudi na jina la mama. Eti ni mchawi, macho yake mekundu. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia, lakini nani angesikiliza?

Walikuja mchana kweupe. Baba wa yule mtoto alikuwa kijana tu, alikuwa analia huku anapiga. Alimburuta mama mpaka shambani, akampiga na fimbo ya kuchungia ng'ombe, mkono ukavunjika nikiwa naona. Wenzake wakachoma nyumba. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyetuokoa. Wajomba zangu, ndugu wa mama wa damu kabisa, walikataa kutupokea, waliogopa kuchomewa na wao.

Waliotupokea ni watu wa kanisa, hapa Bariadi. Walitupa chumba, wakamuuguza mama, ingawa ule mkono haukunyooka tena. Hapo ndipo mama aliposikia kwamba kwa Kristo tunafanywa wana, na Mungu hakuulizi ukoo wako. Alilishika neno hilo kuliko lolote. Mpaka leo akisali anaanza hivi: "Baba, wewe uliyenichukua waliponitupa."

Sasa sikilizeni. Mwaka huu mchungaji alimsimamisha mbele muumini mpya, anayebeba marobota kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Akasema huyu ndugu ametupa hirizi zake, kwao wamemfukuza, hana mtu. Nani atakuwa mzazi wake wa kiroho mpaka abatizwe?

Mama akainua ule mkono wake mzima. "Mimi sina mtoto wa kiume. Huyu nipeni mimi."

Kanisa zima vigelegele. Mimi nikamtazama yule mtu usoni. Alikuwa yeye, baba wa yule mtoto aliyekufa. Amenenepa, sauti imekuwa nzito, na siku hizi anatumia jina la Kikristo, hapa nitamwita Yohana. Mama hakumjua. Yeye alimjua mama, niliona alivyoutazama ule mkono uliopinda akarudi nyuma hatua moja.

Tangu hapo kila Jumapili yuko kwetu. Anapasua kuni, anajaza maji, anamletea mama michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa sababu alimsikia akisema anaipenda. "Ng'wadila mayu," anamwamkia kwa Kisukuma, mayu ndiyo mama, akiwa amepiga magoti. Mama anampapasa kichwa, "Mhola, mwanangu." Mimi najifanya nina kazi jikoni.

Mwezi uliopita alinifuata kwenye cherehani yangu.

"Dada, najua umenijua."

Nikamwambia, "Usiniite dada."

Akasema, "Siwezi kuingia majini kubatizwa huku mayu ananishika mkono bila kujua ni mkono gani. Niruhusu nimwambie. Ukikataa, nitaondoka, sitarudi."

"Ukimwambia utamuua. Na ukiondoka utamuua vilevile. Ulishamchukulia nyumba, sasa umekuja kuchukua na nini?"

Alilia palepale, wateja wangu wakitazama. Kusema kweli sikumwonea huruma, na hilo linanitisha.

Nikaenda kwa mchungaji, nikamweleza yote. Akaniambia kwa upole, "Binti yangu, Baba hakutuomba ruhusa kabla ya kumpokea. Hakuomba ruhusa ya mtu alipokupokea wewe pia." Nikamjibu, "Mchungaji, mkono uliovunjwa si wa mama yako." Nikatoka. Tangu siku hiyo sijashiriki meza ya Bwana.

Ubatizo ni Jumapili ijayo, lamboni. Mama ndiye atakayemshika mkono kumwingiza majini. Ana furaha ambayo sijawahi kumwona nayo tangu tuhame kijijini. Jana amenikabidhi kitambaa cheupe. "Mshonee kaka yako shati, aingie majini akiwa nadhifu kama mtu mwenye kwao." Nikasema sawa mama. Nimeshika mkasi mara kadhaa, nimeshindwa kukata.

Najiuliza, nimwambie mama mwenyewe? Nimwache huyu mtu amwambie? Au tunyamaze wote, mama yangu afe siku moja akimwita mwanangu mtu aliyemfanya akimbie kijiji chake?

Ndugu zangu mnaosoma hapa, wenye imani na msio nayo, nisaidieni mawazo kabla ya Jumapili. Msinitukane, nimechoka. Na wale mnaosali, niambieni na hili: nikianza "Baba yetu" naye yuko benchi la nyuma anasema "Baba yetu", hilo neno "yetu" nalitamkaje?