Kanzu Niliyoshonesha Rajabu

Wenzangu, chekeni kabisa sasa hivi mmalize, maana aibu hii nimeificha tangu Idi na sasa imenishinda.

Kila mwaka mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho Mtongwe nzima kununua vitu vya Idi, na kila mwaka mwezi ukiandama namwendea shemeji Swaleh, kaka wa mke wangu, anikopeshe (naye hutoa, lakini hutoa mbele za watu). Mwaka huu nikaapa hanioni. Nikaweka akiba mapema, na mwezi wa Rajabu, mafundi wakiwa bado hawana kazi na bei ziko chini, nguo za nyumba nzima zikashonwa, mchele ukajaa chini ya kitanda, nami nikashonewa kanzu nyeupe ya kunikaa barabara, nikaifungia sandukuni. Raha niliyoiona, wallahi, siwezi kuieleza! Kila jioni nampitia shemeji makusudi, namuuliza, "Vipi, ushajiandaa?"

Mke wangu akanambia, "Ijaribu, baba Salma. Mwili wa Rajabu si mwili wa Idi."

Nikamjibu nguo ya Idi haijaribiwi, itaisha upya. (Na Ramadhani nzima nafuturu kaimati na viazi vya nazi, sahani juu ya sahani.)

Idi asubuhi kanzu iliingia kwa bismillahi na kusukumwa. Nikabana pumzi, nikatoka kifua mbele, nikajipanga safu ya pili, shemeji nyuma yangu, anione vizuri. Rukuu ikanionya. Sijida ikamaliza kazi: kanzu ikapasuka kutoka shingoni hadi kiunoni, uwanja umetulia kimya, na ndani nimevaa fulana kuukuu ya kampeni, yenye picha ya mgombea mgongoni, kwa hiyo swala iliyobaki yule mgombea (aliyeshindwa) aliwachekea watu wa nyuma.

Tulipotoa salamu nikahisi koti mabegani. Ni la shemeji, jipya, la kununuliwa jana yake, karatasi ya bei bado inaning'inia mkononi.

"Idi njema, shemeji," akasema, na walio karibu wote wakasikia. "Usijali. Mwaka huu umechelewa kidogo tu kuja kwangu."

Mwakani nashonesha tena Rajabu, hilo siachi, maana nyumbani tulikula tukasaza na Salma alipendeza mno. Lakini nimeapa: maringo yangu yote nitayaanza baada ya swala.