Mgono wa Kindi

Kikapu kile kilitazama upande gani? Swali hilo lilininyima usingizi siku tatu mfululizo, tena usingizi wa mchana, ule ambao mama alitulazimisha kuulala baada ya wali na pondu, yaani majani ya muhogo, wakati jua la mtaa wetu wa Lubunga linapoyafanya mabati yalie kwa joto. Nililala chali kwenye mkeka nikiitazama dari ya mbao nyembamba, nikasikiliza nyayo ndogo zikikimbia kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kisha kimya, kisha ule mlio mkavu wa ganda la karanga likivunjwa. Mwanzoni zilikuwa nyayo za kindi wawili. Sasa nilihesabu wanne, labda watano. Nilikuwa na miaka tisa na hakuna aliyeniomba nihesabu.

Karanga zilikuwa za mama. Kila baada ya mavuno alichagua zile nono, akazianika zikiwa na maganda yake, akazitia guniani na kuzining'iniza darini kwenye boriti, kwa sababu chini nyumba yetu ilikuwa na unyevu na mbegu ziliota ukungu. Kindi walitoka kwenye michikichi ya nyuma ya nyumba, wakaingia kwa tundu moja lililoachwa na ubao uliooza pembeni mwa paa. Mvua za kupandia zilikuwa zimekaribia. Gunia likiisha, shamba lingebaki tupu, na shamba ndilo lililotulisha. Papa, baba yangu, alipendekeza gunia lishushwe. Mama alikataa. "Karanga iko kwao," alisema. "Wageni ndiyo wahame."

Basi papa akamwita mdogo wake, Tonton Basile, aliyevua samaki kwenye maporomoko ya Wagenia tangu ujana wake. Tonton alijua kusuka mgono, kikapu kirefu cha kuvulia samaki: mdomo mpana, shingo nyembamba, na ndani yake vijiti vyenye ncha vinavyomruhusu samaki apite kwenda mbele na kumzuia asirudi. Wazo lake lilikuwa zuri mno. Angeweka mgono mdogo, ulio wazi pande zote mbili, kwenye tundu, kindi atoke kutafuta chikichi, akitaka kurudi akute vijiti. Alisuka asubuhi nzima uani, harufu ya fito mbichi ikijaa hadi jikoni, akapanda ngazi, akaufunga kwa kamba za msituni na kuziba mianya kwa mbao.

"Bon," alisema akishuka. "Leo wanatoka. Kesho hautasikia hata mumoja."

Kesho yake mama alisimama chini ya dari, mwiko mkononi. "Basile, kindi wako iko wanazaana?"

"Patience, subira tu, shemeji. Iko wanaagana."

"Wanaagana na karanga yangu mudomoni."

Papa alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka nje na kuutazama mgono, na niliona mdomo wake mpana ukielekea michikichi, kama vile mtoni mdomo unavyoelekea kule samaki anakotoka. Mikono ya Tonton ilikuwa imefanya ilichofanya maisha yake yote. Lakini je, huenda kindi si kama samaki? Huenda vijiti vilifanya kazi kwa namna nisiyoielewa? Nilikunja karatasi ya daftari kama koni, nikatia chungu wachache ndani nione. Chungu walipita pande zote mbili bila wasiwasi, nami nikachanganyikiwa zaidi. Na hata kama niko sahihi, mtoto anamwambiaje mvuvi wa Wagenia kwamba ameweka mgono kinyume? Nilitunga sentensi ile mara nyingi. Kila mara ilianza kwa heshima na kuishia na mama akimcheka Tonton mbele yangu, na hilo sikulitaka, kwa kuwa nilimpenda.

Siku ya tatu, mama akiwa sokoni, niliacha mkeka wa mchana kabla ya wengine kuamka. Nilifika uani wakati kindi mmoja anashukia paa kutoka kwenye mchikichi. Aliunusa mgono, akaingia kwa mdomo mpana, mkia ukapotea, vijiti vikajifunga nyuma yake.

Niliteremka mtoni. Tonton alikuwa peke yake, anashona wavu.

"Tonton, kindi anaingia. Hatoki."

Sindano ilisimama. "Nani alikuambia?"

"Niliona."

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

Aliukunja wavu taratibu. "Basi twende mbio, mutoto wangu, mbele mama yako arudi kutoka soko."

Nilishika ngazi, yeye akazikata kamba za mgono, akaugeuza na kuufunga upya. Tulikaa chini ya ukuta tukilitazama tundu. Wa kwanza alichungulia, akaruka kwenye mchikichi. Walitoka watano, na yule wa mwisho alijaribu kurudi, akapiga pua kwenye ncha za vijiti, akaenda zake. Tonton aliusubiri usiku mmoja mzima wa kimya kabla ya kupigilia ubao mpya. Gunia lilipungua karibu nusu, lakini mbegu zilitosha kupanda. Mama alimsifu shemeji yake mbele ya majirani, naye akajibu kwamba kindi wana maneno mengi wakiagana, ndiyo maana ilichukua siku tatu. Hakunitazama. Jioni aliniletea samaki mkubwa, wangu peke yangu.

Sasa nina diploma ya chuo kikuu, na paa la nyumba ile lina mabati mapya yasiyo na tundu. Barua fupi ya kuomba kazi naisoma mara kumi, nabadilisha salamu, naiweka mezani hadi wiki inapita. Hofu ni ileile. Nimejifunza tu kuipa maneno marefu zaidi. Yule mtoto wa miaka tisa alikuwa na hofu hiyo yote, na bado aliteremka mtoni kabla hajajua atakachosema.