Kamba ya Bi Mwanapili

Ukipita Chokocho leo utaona kiwanja kitupu kati ya nyumba mbili za matofali. Pale aliishi Modester, mwanamke wa Njombe, aliyekuja Pemba na mumewe Nehemia, fundi mwashi. Nehemia alipofariki, ndugu walimtaka Modester arudi bara. Akabaki kwa ajili ya Bi Mwanapili, kizee mwenye nyumba waliyopanga.

"Wenda wapi?" Bi Mwanapili alimwuliza. "Na mie waniacha na nani?"

Wakaishi wawili, mmoja akisali Jumapili, mwingine akiswali kutwa mara tano, wakila chungu kimoja. Modester alishona sare za skuli kwa cherehani yake. Jioni alifundishwa kusokota kamba za makumbi ya nazi, yaliyofukiwa matopeni pwani mpaka yakalainika. Hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za kufungia nyumba.

Zamani upepo ukibadilika, mtu hakungoja kuitwa. Alitoka na kamba yake akaenda kwa jirani. Mmoja alisimama mbele ya nyumba, mwingine nyuma. Huyu akairusha juu ya paa, yule akaidaka, akaivuta na kuifunga kwenye kigingi cha mkoko. Wakimaliza hapo, walihamia nyumba ya pili. Watu walinuniana mwaka mzima, lakini paa walifungiana. Leo tuna matofali na mabati, na kila mmoja anajifungia mlango wake.

Bi Mwanapili alipokufa, mwanawe Abdulsamad, anayekaa Unguja, alisema palepale matangani: "Bi Modester, kaa madhali paa limesimama. Likianguka, mie sijengi. Nitauza kiwanja." Hakusema kwa ubaya. Nyumba ilikuwa ya udongo, na makuti yake makuukuu.

Siku ya kimbunga, tahadhari iliingia kwenye simu zote tangu asubuhi. Mimi nilikuwa Kisiwa Panza mazikoni, bahari ikanifunga huko; haya nimeyapata kwa Modester mwenyewe na kwa Asya, jirani yake. Baada ya adhuhuri mbingu iligeuka rangi ya jivu. Modester alitoa kamba uvunguni, akafunga ncha moja kwenye kigingi cha mbele, akarusha nyingine juu ya paa, akazunguka mbio kuishika. Alipofika nyuma, upepo ulikwishairudisha mbele. Akarusha tena, safari hii na jiwe. Jiwe likanasa kwenye makuti. Alipolivuta likatoka na kuti zima.

Miaka yote walikuwa wawili. Sasa akaenda kwa Yussuf, mume wa Asya, aliyekuwa akigongomea mbao madirishani.

"Yussuf, kaka yangu, njoo unidakie kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya kufungia nyumba. Mimi na Bi tulifunga kila upepo ulipochafuka."

Yussuf alicheka. "Nyumba si ng'ombe, Bi Modester. Iache. Lete cherehani na nguo zako, ulale kwetu na Asya."

"Nikilala kwenu, paa litashikwa na nani?"

"Na Mungu."

"Mungu yupo. Mimi natafuta mtu wa upande wa pili."

"We mwanamke wa bara," Yussuf alisema, "umekuwa Mpemba kuliko Wapemba." Akarudi kwenye misumari yake. Alimpa kitanda, kwa hesabu yake ujirani umekwisha timia.

Nyumba iliyofuata, vijana walikuwa barazani wakitazama kimbunga kwenye simu. Wakamwonyesha. "Tazama, chapita mbali."

Kabla ya magharibi kilifika. Asya alichungulia kwenye upenyo wa mbao akamwona Modester nyuma ya nyumba. Kamba alikwisha ipitisha, lakini peke yake hakuweza kuikaza kigingini. Kwa hiyo aliishika mwenyewe, ameizungusha mikononi, mvua ikimpiga usoni. Upepo ulipovuta, visigino vyake viliinuka. Asya alimwita mpaka sauti ikamkauka. Hakusikika.

Paa liliondoka zima. Kamba ikapita na ngozi ya viganja.

Modester aliingia kwa Yussuf ameikumbatia cherehani, Asya akampaka mafuta ya nazi mikononi.

Asubuhi watu walijaa, pole zikawa nyingi, na picha za simu. Mmoja akamwuliza, "Mbona hukutwita?"

"Niliwaita," alisema.

Abdulsamad alitimiza neno lake. Modester alishukia bandari ya Mkoani kupanda boti ya kurudi bara, cherehani ikiwa imefungwa kwenye kanga. Kamba alimwachia Yussuf. Ingalipo, imara, haijaoza hata uzi. Yussuf humfungia ng'ombe wake palepale kiwanjani, kwenye kigingi cha mbele.